Sheria ya mifuko ya plastiki ikija kwenu: jinsi ya kupiga hesabu ujue nani analipa nini

Kila serikali ikitangaza kubana mifuko ya plastiki wanatokea watu wa aina mbili, mmoja anasema mazingira yamepona, mwingine anasema maisha yamepanda, na ukiwauliza wote wawili kwa kiasi gani hamna hata mmoja aliyeshika kalamu. Mi hii hesabu nimekaa nayo muda mrefu, nimeifanya ya nyumbani kwangu, nikamsaidia na ndugu yangu mwenye duka kufanya ya kwake, na nilichokiona ni kwamba gharama ya mfuko haikai kwenye bei ya mfuko, inakaa kwenye mara ngapi umeutumia. Ukilishika hilo unaweza kupima sheria yoyote, ya kwenu au ya jirani, na unaweza kujua mfukoni kwako inatoka ngapi.

Anza na kusoma sheria yenyewe, sio tangazo la kwenye redio. Maana watu wanasema "mifuko imepigwa marufuku" wakati sheria inaweza kuwa moja kati ya vitu vinne tofauti kabisa na kila kimoja kinamuumiza mtu tofauti. Kuna katazo kamili, yani mfuko wa kubebea bidhaa usitengenezwe, usiingizwe, usiuzwe, usitumike, kama Rwanda walivyofanya 2008, Kenya kuanzia tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Kuna katazo la unene, mfuko mwembamba unakatazwa mzito unaruhusiwa. Kuna tozo, mfuko upo ila mteja anaulipia kaunta. Na kuna kodi anayotozwa mtengenezaji au muagizaji kimya kimya, mteja hata haioni kwenye risiti, kwaiyo tabia yake haibadiliki sana japo hela yake inaenda.

Kwenye katazo la unene jifunze neno maikroni, maana sheria nyingi zimejengwa juu yake. Maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. China mwaka 2008 walikataza mifuko iliyo chini ya maikroni 25, Afrika Kusini 2003 wakaweka 30, Umoja wa Ulaya kwenye agizo lao la 2015 mfuko mwepesi ni ule ulio chini ya 50. Sasa sikiliza kwa makini hapa kwa sababu ndo panapovuja. Ukiweka mpaka wa unene, mtengenezaji anaongeza plastiki kidogo tu mfuko unavuka mpaka, na ukiubandika jina la "unatumika tena" unaingia sokoni halali kabisa. California, jimbo la Marekani, yaliwakuta haya, sheria yao ya 2014 ambayo wananchi waliipitisha kwa kura 2016 iliruhusu mifuko minene kwa bei isiyopungua senti 10 za dola, watu wakaichukua ile minene wakaitupa vilevile kama walivyokuwa wanatupa ile myembamba, mpaka 2024 ikabidi watunge sheria nyingine ya kuondoa mifuko yote ya plastiki kaunta kuanzia 2026. Kwaiyo ukiona sheria ya unene usiulize tu ni maikroni ngapi, uliza watu watautumia huo mfuko mnene mara ngapi, maana mfuko wenye plastiki mara tano ukitumika mara moja ni hasara mara tano.

Ukiwa unasoma, tafuta pia sehemu ya faini na uangalie inamshika nani. Kenya ilianza na faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, na hiyo ni adhabu ambayo kiwanda kinaweza kuijadili na mwanasheria wake ila mtu anayeuza vitu barabarani ni maisha yake yote yameisha. Sisemi adhabu kali haifanyi kazi, inafanya, ila iandike kwenye hesabu yako kama gharama na uandike inamwangukia nani.

Baada ya hapo rudi nyumbani. Chukua wiki mbili za kawaida, zisiwe za sikukuu wala za safari, na kila mfuko wa plastiki unaoingia ndani utupie sehemu moja usitumie. Mwisho wa wiki mbili mwaga chini uhesabu. Mi nilipofanya hivi mara ya kwanza nilikuwa na uhakika itakuwa kama mifuko kumi hivi, ikawa zaidi ya mara tatu ya hapo, na nusu yake ilikuwa imebeba kitu kimoja tu ambacho ningeweza kukishika mkononi, iliniuma kweli. Ukishahesabu gawa mafungu matatu: fungu la mifuko ambayo hukuihitaji kabisa, fungu la ile uliyoihitaji kubebea basi, na fungu la ile ambayo kwa kawaida ungeitumia tena kuwekea taka, kufungia kitu chenye maji au kubebea viatu.

Hili fungu la tatu ndo watu wa serikali wanalisahau na ndo linakuja kukugharimu. Ule mfuko wa bure ulikuwa unafanya kazi ya pili bila kulipwa. Ukiondoka, dastibini yako bado inataka mfuko, kwaiyo unaenda kununua mifuko ya taka ya roll, ambayo ni plastiki vilevile na mara nyingi ni minene zaidi. Mtafiti mmoja wa uchumi, Rebecca Taylor, aliifuatilia hii kwenye miji ya California iliyokataza mifuko kabla ya sheria ya jimbo zima, akakuta plastiki ya mifuko ya kaunta imepungua kama ratili milioni 40 kwa mwaka (ratili moja ni karibu nusu kilo), ila mauzo ya mifuko ya taka yakapanda mpaka yakarudisha kama ratili milioni 12, na ile midogo kabisa mauzo yake yalipanda kwa asilimia 120. Ona sasa, faida bado ipo na ni kubwa, ila karibu asilimia 30 ya kile kinachotangazwa kilirudi kwa mlango wa nyuma. Kwenye hesabu ya kwako fanya hivi, hesabu ya fungu la tatu zidisha kwa 26 upate ya mwaka, halafu ulizia bei ya mfuko wa taka mmoja mmoja uzidishe. Hiyo ni gharama halali ya sheria kwa nyumba yako, iandike bila aibu.

Halafu uipunguze. Taka nyevu ziende mboji kama una pa kuziweka, zikishatoka hizo taka kavu hazihitaji mfuko, unamwaga moja kwa moja kwenye pipa na kuosha ndoo. Nyumbani kwangu hilo peke yake lilipunguza mifuko ya taka zaidi ya nusu.

Sasa mfuko mbadala, na hapa naomba ukae vizuri kwa sababu ndo moyo wa jambo lenyewe. Kanuni ni bei ya mfuko gawanya kwa idadi ya safari utakazoenda nao. Tuseme rambo jembamba lilikuwa linagharimu 1 (weka pesa yoyote unayotumia) na mfuko mgumu unauzwa 20. Unaenda dukani mara tatu kwa wiki, mwaka mzima ni safari 156. Zamani ungetumia 156, ambazo ulikuwa huzioni kwa sababu mwenye duka alishaziweka kwenye bei ya bidhaa, ila ulikuwa unazilipa wewe. Ukinunua mifuko miwili migumu ukaitunza mwaka mzima umetumia 40. Umepata nafuu. Ila ukiwa mtu wa kusahau, tuseme unasahau safari moja kati ya tano, basi kwa mwaka utasahau kama mara 31, kila ukisahau unanunua mpya kwa 20, hiyo ni 620 na nyumbani una rundo la mifuko 31 migumu ambayo huitumii. Yani mtu yuleyule, sheria ileile, bei ileile, mmoja ametoka na 40 mwingine 620, na tofauti yote ni kusahau. Ndo maana nasema ukisikia mtu analalamika sheria imempandishia maisha usimcheke na usimkatalie, muulize nyuma ya mlango wake kuna mifuko mingapi.

Na hesabu ya mazingira inaenda hivohivo, ni mara ngapi. Wakala wa mazingira wa Uingereza walitoa utafiti 2011 wakilinganisha athari kwa tabianchi, wakasema ili uwe sawa na mfuko mmoja mwembamba uliotumika mara moja tu, mfuko wa karatasi inabidi utumike mara 3, mfuko mnene wa plastiki mara 4, ule wa plastiki ya kama kitambaa kisichofumwa mara 11 na wa pamba mara 131. Na kama ule mwembamba watu walikuwa wanauwekea taka kiasi cha asilimia 40 hivi, basi namba zinapanda, kisichofumwa 14, pamba 173. Kwa mtu wa safari tatu kwa wiki pamba ni kama miezi kumi mpaka mwaka na ushee ndo imelipa deni lake, kisichofumwa ni wiki nne au tano tu. Karatasi mara 3 inaonekana ndogo ila jaribu mwenyewe kubebea vitu vyenye unyevu kwenye mfuko uleule wa karatasi mara tatu uone.

Kuna namba nyingine inazunguka sana mitandaoni inasema mfuko wa pamba lazima utumike mara 7,100, watu wanaitumia kusema sheria zote hizi ni bure. Inatoka kwenye ripoti ya Denmark ya 2018, ni ya kweli, ila walipima athari nyingi kwa pamoja na wakachukua ile mbaya kuliko zote, ambayo ni ya tabaka la ozoni. Kwa upande wa tabianchi peke yake ripoti hiyohiyo inasema mara 52. Kwaiyo kabla hujaogopa namba uliza imepima nini. Na ukumbuke tafiti hizi mbili hazijapima kitu ambacho ndo kilizifanya serikali nyingi zichukue hatua, yani mfuko ukiwa tayari umetupwa unaenda wapi.

Huko ndo kuna upande wa pili wa daftari na ukiuacha hesabu yako ni ya uongo. Bangladesh walikuwa nchi ya kwanza kukataza mifuko myembamba, mwaka 2002, na sababu haikuwa picha za kasa baharini, ni kwamba mafuriko makubwa ya 1988 na 1998 mifuko ilikuwa imeziba mifereji maji hayana pa kupita. Mfuko mwembamba una uzito wa kama gramu 8 tu, upepo unaubeba, maji yanaubeba, ng'ombe anaumeza unabaki tumboni kwa sababu hauyeyuki, na hakuna mtu atakayelipwa vizuri kuuokota kwa sababu ni mwepesi mno na mchafu mno kwa anayenunua plastiki chakavu kwa kilo. Gharama ya kuzibua mtaro, ya nyumba iliyoingia maji, ya mfugo uliokufa, zote hizo zilikuwa zinalipwa na mtu tangu zamani, ila sio aliyetumia mfuko. Mi naamini kabisa hii ndo hoja nzito kuliko zote za kuwa na sheria, na inaniuma ikiachwa nyuma watu wakabishana bei ya mfuko wa kitambaa. Kwaiyo kwenye karatasi yako weka safu mbili, kushoto gharama za kuwa na sheria, kulia gharama za kutokuwa nayo, na kwenye kila mstari andika nani analipa.

Kwa mwenye duka mambo ni matatu. La kwanza ni stoki, uliza mapema muda wa mpito ni miezi mingapi na mifuko iliyobaki inarudishwa wapi, usiagize ya mwaka mzima wakati rasimu inazunguka, ndugu yangu niliyemtaja mwanzo alinunua mzigo wiki chache kabla ya tangazo akabaki nao wote stoo hakuna wa kuupokea. La pili ni nafasi, mfuko wa karatasi una uzito wa kama gramu 55 na unajaza shelfu, boksi moja la plastiki nyembamba linageuka maboksi kadhaa ya karatasi, kwaiyo usafiri na stoo vinapanda hata kama bei ya mfuko ungeimudu. La tatu ni foleni, miezi ya mwanzo inaenda polepole, mteja anatafuta mfuko wake, anauliza bei, anabishana kidogo, na keshia ndo anatukanwa japo sheria hakuitunga yeye. Bandika bei ya mfuko pale mtu anapoingia, sio pale anapolipa, utashangaa ugomvi unavyopungua.

Na usijidanganye na punguzo. Maduka mengi yanapenda kusema "ukija na mfuko wako tunakupunguzia kidogo", inapendeza, ila mtafiti Tatiana Homonoff alilinganisha tozo ya senti 5 na zawadi ya senti 5 huko Marekani, tozo ikapunguza sana watu wanaochukua mifuko na zawadi haikubadilisha karibu kitu. Hela ni ileile. Mtu anaumia kutoa kuliko anavyofurahi kupewa.

Sasa upande wa serikali, ambao sisi ndo tunaulipia kwa kodi. Katazo halijitekelezi, linahitaji wakaguzi, ukaguzi wa mipakani, kesi, na jirani asipokataza mifuko inaingia usiku. Bangladesh wenyewe pamoja na kuwa wa kwanza mifuko iliendelea kuwa mingi tu sokoni mpaka 2024 serikali ya mpito ikabidi ianze upya kulikaza katazo lilelile. Tozo inajiendesha kwa urahisi zaidi ila ina ugonjwa wake, watu wanaizoea. Ireland walianza Machi 2002 na senti 15 za yuro kwa mfuko, matumizi yakashuka kutoka makadirio ya mifuko 328 kwa mtu kwa mwaka mpaka 21, ni ajabu kabisa, halafu ikaanza kupanda taratibu, wakaipandisha tozo hadi senti 22 mwaka 2007. Afrika Kusini nao matumizi yalianguka mwanzoni bei ilipokuwa ya kuuma, baadae bei ya mfuko ikashushwa na watu wakarudi kununua, sio wote ila wengi. Kwaiyo tozo isiyopandishwa inaishia kuwa kodi ndogo tu ya kawaida. England nao walianza peni 5 Oktoba 2015 na kufika Mei 2021 wakaweka peni 10.

Angalia pia hela inaishia wapi maana sio kote ni sawa. Ireland inaingia kwenye akaunti maalumu ya serikali ya mambo ya mazingira. England sio kodi kabisa, inabaki kwa mwenye duka na anatarajiwa aitoe kwenye mambo mema. Ni vitu viwili tofauti na mteja anastahili kujua.

Kwa upande wako, kupunguza gharama ni tabia chache tu. Mfuko ukae panapokaa funguo, au ukunjwe ndani ya begi unalotoka nalo kila siku, kwa sababu tumeshaona kusahau ndo adui. Ukishamaliza kushusha vitu usiuweke jikoni, urudishe mlangoni saa hiyohiyo. Nunua miwili mitatu ya maana yenye mshono mzuri kwenye mkono, usikusanye ya matangazo inayogawiwa bure, na mkono ukikatika shona, sindano na uzi ni rahisi kuliko mfuko mpya. Na ufue. Watafiti waliopima mifuko ya wateja huko Marekani walikuta karibu hakuna anayefua, na kufua tu kuliondoa zaidi ya asilimia 99.9 ya bakteria. Nyama mbichi iwe na mfuko wake wa peke yake na usiufungie mfuko wenye unyevu kwenye buti la gari juani.

Ikitokea serikali bado iko kwenye rasimu na inapokea maoni, tuma, watu wengi hawatumi halafu wanalalamika baadae. Usitume hotuba, tuma karatasi yako ya safu mbili pamoja na maswali. Mfuko unaoruhusiwa umepimwa utatumika mara ngapi kabla haujachanika? Muda wa mpito ni miezi mingapi kwa muuzaji mdogo, na stoki yake inapokelewa wapi? Faini ya anayebeba ni tofauti na ya anayetengeneza? Tozo itapitiwa kila baada ya miaka mingapi? Mifuko ya taka imehesabiwa? Nani atapima mitaro kabla na baada, na majibu yatawekwa wapi watu wayaone? Na kama rasimu imeweka tozo bila kusema inaingia akaunti gani, hilo liandike juu kabisa liwe swali la kwanza, weka jina lako na tarehe, na ubaki na nakala.